Malindi ni mji wa miezi minne tu. Nani abisha?

#1 VyumbaVitatu
Salaam wadau. Nasema hivi na nimejiandaa kupigwa mawe: Malindi ni mji wa miezi minne. Desemba, Januari, Februari, Machi. Pasaka ikipita, tia kufuli. Agosti tunafufuka wiki mbili tatu Wataliano wakiwa na likizo yao, halafu tunajifunika shuka tena.

Nina vyumba vitatu vya kukodisha upande wa Casuarina. Juni wageni napata, tena watu wazuri, Wakenya wenzetu. Shida ni asubuhi wakishakunywa chai na kuniuliza, "Leo twende wapi?" Mkahawa niliowasifia umefungwa hadi mwisho wa Julai. Mwenye boti ya kioo hashiki simu. Wakienda ufukweni mtoto akibanwa, hakuna pa kumpeleka. Siku ya pili wanafungasha wanahamia Watamu, mji jirani. Mmoja aliniandikia mtandaoni: "Chumba kisafi, mwenyeji mkarimu, mji umelala." Nyota tatu!

Sasa niambieni: ubaya ni wa bahari, wa wageni, au wetu? Na mgeni wa siku nne za Juni, mvua inyeshe isinyeshe, nimzungushe wapi?

#2 KijanaWaTuktuk
Wa kwanza hapa 😂 Mji gani umelala? Pita Maweni saa tatu usiku uone mishikaki, viazi karai na foleni ya tuktuk. Wewe umelala, ukaamua mji wote umelala.

#3 Kipwani
#1 jibu lako liko baharini, usitafute mchawi. Kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ikianza, bahari inachafuka, mwani unajaa pwani mpaka huoni mchanga, na mto Sabaki unamwaga tope. Maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nani atoke Nairobi aje aogelee chai? Hata mngejenga choo cha marumaru, mgeni wa bahari anafuata bahari. Nyingine hadithi.

#4 Mvuvi_Shela
Kipwani, mwani ni kweli. La tope umeligeuza miguu juu.

Mdomo wa Sabaki uko kaskazini ya mji. Kusi inasukuma maji kwenda kaskazini, kwa hiyo lile tope linapelekwa Mambrui na Ngomeni, kwetu linatuepuka. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo inayolileta huku, hadi kwenye matumbawe ya mbuga ya baharini. Ndiyo maana Novemba na Desemba, mvua za vuli zimejaza mto na kaskazi ndiyo kwanza inaingia, ghuba yetu inakuwa nyekundu kuliko Juni. Na Desemba #1 anaihesabu kwenye miezi mizuri! Mgeni wa Krismasi analipa bei mara mbili aogelee tope, halafu akirudi kwao anasema Malindi tamu.

Januari na Februari mto umepungua, hapo maji yanatakata. Nayasema haya nikiwa ndani ya maji.

#5 Kipwani
Mvuvi, Mei nimesimama jetini kwa miguu yangu na maji yalikuwa mekundu mpaka chini ya nguzo. Kusi yako ilikuwa wapi siku hiyo?

#6 Mvuvi_Shela
Ilikuwa haijakaza. Baina ya kaskazi na kusi kuna maleleji, upepo unazubaa, na mvua za mwaka ndiyo zimeujaza mto. Tope halina wa kulisukuma. Njoo Julai utazame tena.

Na kama unatafuta wa kumlaumu, panda na mto. Sabaki ni Galana, na Galana ni Athi. Ule udongo ni wa mashamba ya Ukambani na taka za Nairobi. Wanatutumia udongo wao, halafu wanakuja likizo wanalalamika maji machafu.

#7 Mwalimu_Mstaafu
Mabibi na mabwana, salamu. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, miezi hiyo hiyo VyumbaVitatu anayotia kufuli. Sultani alimpokea kwa zawadi, akampatia rubani, na kusi hii mnayoitukana ndiyo iliyomvusha: aliondoka mwisho wa Aprili, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Miaka 80 na ushei kabla yake, mwaka 1415, Malindi ilipeleka twiga hadi kwa mfalme wa China. Twiga mzima, kwa jahazi! Mji huu uliishi kwa pepo zote mbili: moja ya kuleta watu, nyingine ya kuwarudisha. Leo tumebaki na nusu ya mwaka.

#8 KijanaWaTuktuk
Mwalimu, twiga alilipa nauli kiasi gani? Mimi nikipakia mbuzi mmoja abiria wote wananuna.

#9 Mwana_Ngomeni
Sikubaliani na upepo wa kusi wala wa kaskazi. Tatizo tuliweka mayai yote kwenye kikapu cha Roma.

Wadogo huenda hamjui. Wataliano hawakuletwa na pwani peke yake, wengi walitangulia kwa kazi ya San Marco, kile kituo cha roketi baharini huku kwetu Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 hapo ndipo iliporushwa setilaiti ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Roketi ziliendelea mpaka 1988. Wahandisi wakaita ndugu, ndugu wakajenga nyumba, wenye nyumba wakafungua hoteli na piza. Kufika miaka ya tisini mtoto wa Shela anajua "ciao" kabla ya "shikamoo".

Basi kalenda ya mji ikawa kalenda yao. Wakienda kwao baada ya Pasaka, nasi tunazima taa. Hii si bahari. Kama wangekuwa wanapenda Juni, nawaambieni Juni ingekuwa inang'ara.

#10 MamaHalua
Mwana Ngomeni umesema kweli nusu. Mtaliano haji na kufuli mfukoni, mwenye hoteli ndiye anayefunga.

Nilikuwa jikoni katika hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja. Kila Aprili tulikuwa tunajua. Meneja anaita mmoja mmoja, "nenda ukapumzike, tutakuita". Mpishi, mfua nguo, mtunza bustani, wote nyumbani mpaka Julai. Sasa fikirini: mtu wa Malindi mwenye mshahara ndiye anayenunua samaki, anayepanda tuktuk, anayempeleka mkewe kula aiskrimu Ijumaa. Mfukuze miezi mitatu, soko lote linapooza. Kisha mgeni wa Juni anakuta mji umenuna, anafikiri ni tabia yetu.

Kuna mwaka tulimwomba aache angalau sehemu ya chakula wazi, wenyeji waingie. Akasema wenyeji hawali hotelini. Bei ya sahani yake ilikuwa chakula cha wiki kwangu. Watakula kwa nini?

Niliacha. Sasa nauza halua na visheti, na nawaambieni biashara yangu nzuri ni Ramadhani na Idi, ambazo kila mwaka zinasogea nyuma. Sijui msimu wa mzungu wala wa kusi.

#11 Kipwani
MamaHalua nakuheshimu lakini hoteli inafunga kwa sababu haina wageni. Umeweka mkokoteni mbele ya punda.

#12 MamaHalua
Na wageni hawaji kwa sababu imefunga. Nani punda sasa?

#13 Mkaa_Barani
😂😂😂 Kipwani kapatikana.

#14 Mtumishi_Fulani
Hakuna aliyetaja 2013. Kabla ya ugatuzi Malindi ilikuwa na wilaya yake na mkuu wa wilaya wake. Ilipoundwa Kaunti ya Kilifi, makao makuu yakawa mji wa Kilifi. Mikutano, semina, wakandarasi, maofisa wanaolala hoteli siku tatu kwa risiti, wote wakashuka Kilifi. Mgeni wa semina hajali kusi, anataka kiyoyozi na kuku. Huyo ndiye mgeni wa mwaka mzima mliyempoteza, na hakuna anayemlilia kwa sababu hapigi picha ufukweni.

#15 Mkaa_Barani
Mtumishi, jina lako na muda wa kuandika (saa nne asubuhi, Jumanne) vinatuambia mengi. Rudi kazini bwana.

#16 Nakuru_Mpaka_Pwani
Habari zenu. Mimi ni mgeni niliyekuja mwezi wa sita na familia, watoto wawili na mama mkwe, basi niseme ya mgeni.

Kilichotufurahisha: makumbusho ya Malindi, ile nyumba ya nguzo mkabala na bahari. Ilikuwa wazi, mhudumu alitutembeza kama tumekuja na rais. Mnara wa Vasco da Gama tulikwenda jioni, upepo nusura ubebe mtandio wa mama mkwe, na hiyo ndiyo picha bora ya safari. Kanisa dogo la Wareno lile la makuti, watoto hawakuamini ni kanisa. Magofu ya Gede ndiyo yaliyonimaliza. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, msitu unatona, kima wameketi juu ya ukuta wa jumba la mfalme kama wenye nyumba. Tulikuwa peke yetu. Desemba nadhani ningesukumana.

Kilichotuudhi: vibao hakuna. Kutoka kituo cha matatu hadi makumbusho niliuliza watu, kila mmoja ananyoosha kidole upande tofauti, na mmoja alitaka nimlipe kidole. Choo: mama mkwe ana sukari, si mtu wa kusubiri. Tulikuwa tunaingia mkahawani tunanunua soda tusizozitaka ili tupate choo. Pa kukaa palipo na kivuli kando ya bahari, hapo nje ya hoteli, sikupaona pa maana. Na malipo ya mbuga ya baharini ni kwa eCitizen. Ushauri wangu lipeni mkiwa chumbani penye mtandao, msisubiri mfike mchangani.

Kusi sikuiona kuwa tatizo. Sisi tunatoka Nakuru, Juni kwetu ni sweta.

#17 VyumbaVitatu
#16 asante. Hiyo ya soda za choo naandika ukutani.

#18 Mkaa_Barani
Nyongeza kwa mgeni: Gede mwaka 2024 iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Na mnara wa Vasco haukuwa pale tangu mwanzo, ulikuwa karibu na nyumba ya Sultani, ukahamishiwa kwenye ile ncha ya mwamba. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon.

#19 Mgiriama_Asilia
Kila uzi wa Malindi lazima Vasco. Alikaa hapa siku chache miaka mia tano iliyopita, bado anakula bajeti ya kumbukumbu. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, ana sanamu katikati ya mji, na Agosti kuna sherehe zake: wazee wa kaya, ngoma, vijana, watu wanakwenda hadi Bungale alikozikwa. Mgeni wa Agosti anaambiwa? Anapelekwa kwenye piza.

Na nyie mnasema "Malindi" kana kwamba ni Casuarina na Shela tu. Marafa je? Korongo la Nyari, kuta nyekundu na nyeupe na za machungwa, linamilikiwa na kusimamiwa na wenyeji, kiingilio kinabaki kijijini. Wazee watakusimulia familia ya matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akawadidimiza. Nenda saa kumi na moja jioni, jua likilala zile kuta zinawaka. Hakuna kusi huko.

#20 KijanaWaTuktuk
Marafa na tuktuk si mchezo, nyie. Mvua ikinyesha ile njia inakuwa sabuni. Mteja alilipa kwenda na kurudi, akarudi kwa boda mimi nikiwa bado nasukuma. Chukueni gari la juu.

#21 Mgiriama_Asilia
Sawa, ila hilo ni la barabara. Korongo halijafunga.

#22 WatamuTunawaona
Nimesoma yote nimecheka. Malindi mnagombana, wageni wako kwetu 😄 Watamu maji ni safi mwaka mzima kwa sababu hatuna mto wa kutuletea Machakos. Julai mpaka Septemba nyangumi wanapita wakitoka bahari za barafu za kusini kuja kuzaa, boti zinatoka. Miezi hii ya kusi mayai ya kasa yanaanguliwa usiku na watu wanaitwa kutazama. Shamba la nyoka lipo. Mida Creek ipo, sambusa za kaa Dabaso zipo, njia ya mbao juu ya mikoko ipo. Malindi mna nini? Benki.

#23 Mkaa_Barani
Benki, hospitali kubwa, uwanja wa ndege na soko. Mkiumwa na nyoka wenu mnakuja wapi?

#24 WatamuTunawaona
Dawa ya sumu ya nyoka tunayo sisi, ndugu. Shamba la nyoka liko kwetu, usitishe watu.

#25 Mtazama_Ndege
Watamu, punguza. Mida ya Juni si Mida ya Januari. Wale ndege wahamiaji wanaowajaza wapiga picha wanakuja Oktoba na kuondoka Aprili. Juni utapata mikoko, kaa, na wachache waliobaki. Nzuri, lakini mwambieni mgeni ukweli, asije na darubini ya laki moja akaondoka na sambusa.

Kwa mgeni wa mvua, mimi namtuma Arabuko-Sokoke. Kilomita za mraba 420 za msitu wa pwani, nusu saa tu kutoka mjini, na wenyeji wengi wa Malindi hawajaingia. Nenda alfajiri na kiongozi wa pale. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, na yule sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Msicheke, ndivyo alivyo. Ukisha toka, pale pale Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi na kuuza pupa, kiwavi akishajifungia kwenye ganda, ng'ambo. Vipepeo hupenda mvua. Basi msimu wenu mbovu ndio msimu wao.

#26 KijanaWaTuktuk
Matako ya dhahabu nimeyasikia, kesho nakwenda.

#27 Kipwani
Mnataja msitu, Gede, Dabaso, Mida, nyangumi. Vyote viko Watamu au njiani kwenda Watamu! Mnathibitisha hoja ya #1 bila kujua. Ndani ya Malindi yenyewe mgeni wa Juni ana nusu siku.

#28 Mwalimu_Mstaafu
Nusu siku kwa anayekimbia. Mimi nawachukua wajukuu msikiti wa Juma kando ya bahari, tunatazama makaburi ya minara kwa nje, tunapinda kwenye vichochoro vya mji wa kale, tunakunywa kahawa kwa muuza kahawa mwenye dele, tunasikiliza wazee wakicheza bao na kutukanana kwa adabu. Inafika adhuhuri. Hakuna kiingilio, na hakuna kibao, hilo nakubali. Mgeni hatajua kupo isipokuwa ampate mtu. Zamani kila nyumba ilikuwa na mgeni wake. Siku hizi tumemwachia kijana wa ufukweni awe mwenyeji wa mji mzima, na kijana huyo anajua njia ya kwa mwenye kumpa kamisheni.

#29 Bichiboi_Halisi
Mwalimu shikamoo, lakini hapo umetuonea. Kamisheni ndiyo mshahara wangu. Hoteli inampa kazi mtu miezi tisa, mimi haijanipa hata mmoja. Juni niko pwani kama Januari. Nyie mnaosema mji umelala, mimi ndiye ninayekesha. Mgeni wa Juni akitembea pwani kilomita nzima anaonana na mimi, mbwa wawili na mwani.

Halafu nasikia "vijana wanasumbua wageni". Toeni kitambulisho, toeni mafunzo, tuvae fulana moja, muone. Hayo ya fulana nimeyasikia tangu nina nywele.

#30 MamaHalua
Bichiboi pole mwanangu. Ila ile ya kumfuata mgeni hadi mlangoni pangu ukidai "mimi ndiye niliyemleta" wakati amekuja na mumewe miaka mitano, hiyo acha.

#31 Bichiboi_Halisi
😅 mama hiyo si mimi, ni pacha wangu.

#32 Abiria_wa_Miritini
Kuna anayejiuliza mgeni anafikaje? Treni ilipoanza 2017 Mombasa na Diani wakajaa. Sisi? Panda treni ya saa tisa Nairobi, unashushwa Miritini, kituo cha Mombasa, usiku, bado una kilomita mia na ishirini hivi mbele yako, Mtwapa na foleni zake zikiwemo. Mtoto analia, gari la mwisho limeondoka au linataka bei ya kukodi. Mgeni anasema ah, nitalala Nyali. Analala Nyali wiki nzima.

Ndege zinatua Malindi kila siku, sikatai, lakini uwanja ni mfupi, ndege kubwa ya kutoka Ulaya haiwezi. Mtaliano anashukia Mombasa, anaendeshwa masaa mawili. Kurefusha ule uwanja tumeahidiwa na kila aliyewahi kushika kipaza sauti.

#33 Kipwani
Na Watamu wanapita barabara hiyo hiyo, na uwanja huo huo wa Malindi. Mbona wao wanajaa?

#34 Abiria_wa_Miritini
Wanashuka kabla yetu. Dakika ishirini ni nyingi kwa mtu aliyechoka.

#35 Amu_Asili
Yakhe, ndooni Amu, nyinyi mwaita Lamu. Sisi gari hatuna, punda tuna, na hatuulizi msimu.

#36 Mkaa_Barani
Amu mna mwezi wa Maulidi na tamasha, mkimaliza mnakuja Malindi kutibiwa na kununua matofali. Kaa kimya.

#37 Amu_Asili
Matofali? Sisi hujenga kwa mawe ya matumbawe. Halua yenu pia mumeiiba kwetu.

#38 MamaHalua
Astaghfirullah! Njoo uonje kwanza. Halua yangu naisonga kwenye sufuria ya shaba, moto wa kuni, samli ya ng'ombe, iliki nasaga mwenyewe. Ikishika ukijaribu kuikata inavuta kisu. Ya Amu nimekula. Inavunjika kama sabuni.

#39 Tanga_Raha
Wakuu nawasoma kutoka Tanga. Nyinyi mna Vasco, roketi, matumbawe, magofu ya UNESCO na aiskrimu ya Kitaliano, na bado mnalia. Sisi tuna mapango ya Amboni na baiskeli. Swali dogo: hiyo aiskrimu ipo Juni?

#40 KijanaWaTuktuk
Ipo. Mtoto wa Malindi anakula mwaka mzima, haendi Italia kwa likizo.

#41 Mwana_Ngomeni
Na hapo ndipo ninapowaambia. Kinacholiwa na wenyeji hakifungi. Aiskrimu ipo, bajia zipo, wali wa nazi upo, pweza wa kupaka yupo. Kilichotengenezewa mgeni peke yake ndicho kinachofunga. Nimerudi kwenye hoja yangu.

#42 Mpanda_Kaiti
Samahani nimechelewa. Mnatukana kusi na sisi tunaisubiri. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi pale kaskazini ya Mambrui ni mali, mchanga wake unametameta kama umemwagiwa dhahabu, na wapanda kaiti wanatoka mbali kuufuata. Kaskazi tunapata tena Januari mpaka Machi. Tunakosa upepo katikati ya misimu hiyo basi. Kwa hiyo mtu mmoja akisema "msimu mbovu" nauliza, mbovu kwa nani?

#43 Kipwani
Kwa anayetaka kuoga bila kupigwa mchanga wa macho.

#44 VyumbaVitatu
Jamani ahsanteni. Nimekaa na karatasi. Juni nimepata familia ya Eldoret, watu sita, wanaingia Alhamisi. Siku ya kwanza nawaacha mjini kwa njia ya Mwalimu, makumbusho, mnara jioni, halafu Maweni kwa mishikaki. Ijumaa Gede na Kipepeo asubuhi, mchana Dabaso. Jumamosi baharini kama nitapata nahodha, mchangani kule Mayungu, pale Wataliano wanapopaita Sardegna 2. Jumapili Marafa kama haijanyesha. Choo nimezungumza na mwenye mkahawa mmoja, wageni wangu wataingia bure, mimi nitakunywa chai kwake. Serikali nimekuwa mimi.

Nani ana boti?

#45 Mtazama_Ndege
Ijumaa geuza. Dabaso mchana maji yakiwa yamejaa ni tofauti na yakiwa yametoka. Tazama kwanza maji.

#46 Mtumishi_Fulani
Choo cha umma kimo kwenye mipango.

#47 Mkaa_Barani
Mipango ya mwaka gani, mheshimiwa?

#48 Mvuvi_Shela
VyumbaVitatu, Jumamosi hiyo kama mwezi ni mpevu au mwandamo, una bahati. Bamvua kwetu maji hutoka saa nne, saa tano asubuhi, na hapo ndipo ule mchanga wa Mayungu unapotokeza katikati ya bahari, mtu anashuka kwenye boti anasimama pakavu. Yakiwa maji mafu, asubuhi bahari imejaa, mchanga umezama, mtazunguka tu na petroli imekwisha. Wengi wanaosema "tulienda hatukuona kitu" walienda maji mafu na hakuna aliyewaambia. Hii si ya kusi wala kaskazi, ni ya mwezi.

Matumbawe ya mbugani msitegemee ya picha za zamani. Mbuga ni ya tangu 1968, lakini joto la maji la 1998 liliua mengi na yanarudi polepole. Samaki wapo. Kusi ikiwa kali sitoki, mnilipe msinilipe.

#49 VyumbaVitatu
Nimetazama kalenda. Jumamosi ni siku ya tatu baada ya mwezi mpevu.

#50 Mvuvi_Shela
Bado bamvua, maji yatachelewa kidogo, saa tano unusu hadi sita. Waamshe saa tatu, wale kidogo, wasijaze tumbo. Mama wa watu wenye kutapika mweke nyuma karibu na mashine, si mbele.

#51 Kipwani
Na upepo ukiwa mkali?

#52 Mvuvi_Shela
Basi watakwenda Marafa Jumamosi na baharini Jumapili. Kipwani wewe nawe, njoo uwe wa saba botini, uone hayo maji yako mekundu yako wapi.

#53 Kipwani
Nakuja. Lakini natoka na simu, nitapiga picha, na nitaileta hapa hapa.

#54 KijanaWaTuktuk
Mayungu mia tatu, watu wanne. Wa saba analipa peke yake.